Hesabu Majalada Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Wakili Anayetaka Kubadili Mwelekeo wa Kazi

Likizo ya Mahakama inapoanza tarehe 15 Desemba, simu yangu hujaa mawakili wenye maazimio. Mmoja anaacha kesi za ardhi. Mwingine anafungua ofisi yake. Wa tatu anataka kuwa mwanasheria wa benki, na tayari ameshaulizia bei ya suti. Likizo inaisha 31 Januari. Ukikutana nao Machi, wamekaa kwenye benchi lile lile la korido, wanasubiri shauri litajwe.

Nia wanayo. Tatizo ni kwamba wanaanza na lengo kabla ya kujua wamebeba nini. Wakili ana majalada, kila jalada lina tarehe, na tarehe hizo ndizo zinazompangia maisha. Usipoyapunguza, lengo lako litaahirishwa pamoja na kesi zako.

Mwongozo huu ni wa wakili wa Tanzania Bara, aliyeajiriwa au anayejitegemea, mwenye kama miaka miwili hadi kumi kazini. Kuufuata ni kazi ya mwaka mzima. Anayekuahidi miezi mitatu hajawahi kujitoa kwenye shauri la mirathi lenye warithi tisa.

## Vitu vya kuandaa

- Dayari zako mbili za mahakamani: ya mwaka huu na ya mwaka jana.
- Majalada yote, pamoja na yale yaliyo kwenye buti la gari na yale yaliyobaki nyumbani chini ya meza ya televisheni.
- Taarifa za miezi 12 za benki na za pesa za kwenye simu. Wateja wetu wengi hulipa kwa simu, kwa hiyo benki pekee haitakupa picha kamili.
- Mkataba wako wa ajira, kama umeajiriwa. Usome wote, usiishie kwenye ukurasa wa mshahara.
- Hali ya leseni yako kama inavyoonekana kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wa mawakili, na hesabu ya alama zako za mafunzo endelevu kutoka TLS, chama chetu cha mawakili.
- Daftari moja la karatasi.
- Mtu mmoja asiye mwanasheria atakayekuuliza maswali kila mwezi. Wakili mwenzako hafai hapa, maana atakuonea huruma.

## Hatua ya 1: Hesabu majalada (Jumamosi mbili)

Yatoe yote uyapange sakafuni. Kompyuta isikudanganye, majalada yanayosumbua ndiyo yasiyoingizwa kwenye mfumo. Kila jalada liandikie mstari mmoja: jina la mteja, mahakama au baraza la ardhi, hatua lilipofikia, tarehe ijayo, deni la mteja, na miezi unayokadiria imebaki.

Ukimaliza, yagawe mafungu manne.

Yaliyokufa. Mteja haonekani, simu yake imebadilika, lakini jina lako bado liko kwenye kumbukumbu za mahakama. Hili ndilo fungu la hatari kuliko yote. Shauri likifutwa kwa kutohudhuria, mteja aliyepotea miaka miwili hufufuka wiki hiyo hiyo, na malalamiko yanatua Kamati ya Mawakili.

Yanayoisha. Yamebakiza hukumu, kukazia hukumu (yaani kuitekeleza), au mashahidi wawili.

Ya kuhamisha. Yana uhai mrefu na wakili mwingine anaweza kuyaendesha bila mteja kuumia.

Ya kubaki nayo. Yanalingana na unakokwenda, au yamefika mahali ambapo kumwacha mteja ni kumtupa.

Mimi nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza nilikuwa nimeshawaambia watu nina kesi "kama ishirini hivi". Zilikuwa 38. Kumi na moja zilikuwa zimekufa, tisa zinaisha, 14 za kuhamisha, na nne tu ndizo nilizotaka kweli. Nilikaa sakafuni pale na kikombe cha chai kilichopoa, nikaelewa kwa nini mipango ya miaka mitatu haikusogea.

*Utajua umefaulu* ukiulizwa una majalada mangapi ukajibu kwa namba, bila "kama" wala "hivi".

## Hatua ya 2: Andika saa zako kwa wiki tatu

Kila jioni, kabla ya kula, andika saa za siku hiyo katika safu nne: kuandika na kusoma, kusimama mbele ya hakimu au jaji, kusubiri na kusafiri, na simu za wateja. Usipendezeshe. Kama uliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda baraza la wilaya ya jirani, ukaambiwa mwenyekiti ana udhuru, ukarudi saa nane mchana, hizo ni saa nane za kusubiri na kusafiri.

Wiki tatu zinatosha kwa sababu wiki ya kwanza utajionesha mchapakazi, ya pili utachoka kujionesha, ya tatu utaandika ukweli.

Usichague njia mpya kabla ya kuziona namba hizi. Wapo wanaosema wamechoshwa na sheria, kumbe wamechoshwa na korido. Dawa ya korido inaweza kuwa ndogo tu: kuwa na mwenzako wa kila kituo wa kukushikia brifu, yaani kusimama badala yako, siku shauri linapotajwa tu, na kukataa kesi za mbali.

## Hatua ya 3: Chagua mlango mmoja

Mmoja tu. Wakili mwenye malengo matatu huishia kununua vitabu vya malengo matatu.

Mwanasheria wa kampuni au taasisi. Hapa wanatafuta mtu anayesoma mkataba wa kurasa 40 na kumwambia mkurugenzi kwa aya mbili pesa itapotelea wapi. Barua ya maombi inayojisifia kesi ulizoshinda haiwasaidii. Eneo moja lililofunguka ni ulinzi wa taarifa binafsi. Sheria yake ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika 1 Mei 2023. Taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuwa na afisa wa ulinzi wa taarifa. Shule binafsi, hospitali, SACCOS, kampuni za mikopo ya simu: wote wamo, na wengi wao hawajui waanzie wapi.

Serikalini. Nafasi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na matangazo mengi huweka ukomo wa umri wa miaka 45. Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoundwa 2018, ndiyo inayosimamia mashauri ya madai ya Serikali, kwa hiyo usidhani kuingia huko ni kuiaga mahakama. Pia utaacha kabisa kupokea wateja binafsi. Kuna watu huingia wakidhani watabaki na "vikesi viwili vya ndugu". Hapana. Na kama ndoto yako ni uhakimu, mlango wake ni Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Ofisi yako mwenyewe. Mlango huu unapendwa kuliko yote na unapigiwa hesabu kidogo kuliko yote. Hatua ya 5 inakuhusu zaidi wewe.

Usuluhishi. Tangu Sheria ya Usuluhishi ya 2020 watu wanaukimbilia. Jifunze, sajiliwa, lakini usiache kazi kwa ajili yake leo. Pande mbili zinapochagua msuluhishi huchagua mvi.

Uandishi wa sheria kwa Kiswahili. Nauweka mwisho ingawa naupenda kuliko yote. Marekebisho ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mtu anayeweza kuandika hati ya madai, mkataba wa upangaji au sera ya ajira kwa Kiswahili kinachoeleweka na kisicho na mianya ana bidhaa mkononi. Wengi wetu tunaandika Kiingereza kilichovaa kanzu.

*Utajua umefaulu* ukiweza kumweleza mama yako unakokwenda kwa sentensi moja, naye asiulize "kwa hiyo utakuwa bado wakili?"

## Hatua ya 4: Andika lengo lenye namba na tarehe

"Nataka kuwa mbobezi wa mikataba" ni dua. Tazama hili badala yake:

*Kufikia 30 Septemba niwe nimebaki na majalada ya mahakamani yasiyozidi 12. Niwe nimeandaa au nimepitia mikataba kumi ya ajira kwa malipo. Na niwe nimehudhuria mafunzo mawili ya TLS yanayohusu sheria za kazi.*

Kila kipande kiko mikononi mwako. "Kuajiriwa na benki kabla ya Juni" kuko mikononi mwa ofisa rasilimali watu usiyemjua, na akikunyima utajiona umeshindwa hata kama kazi yako yote uliifanya. Andika unachofanya, unachopewa kitajileta.

Mafunzo endelevu wengi huyafukuzia Desemba, wanajaza alama kwa mada yoyote iliyobaki ili leseni ihuishwe. Alama hizo utazitafuta hata hivyo. Zitafute kwenye eneo unalohamia, na uzitafute mapema, wakati bado una nafasi ya kuchagua.

## Hatua ya 5: Pigia pesa hesabu kabla ya kumwambia mtu

Chukua taarifa za miezi 12 utafute mwezi wako mbaya kuliko yote. Huo ndio mshahara wako halisi. Mwezi ule mteja wa ardhi alipolipa deni lote kwa mkupuo usiuweke kwenye hesabu.

Tuseme nyumbani unatumia shilingi 1,400,000 kwa mwezi, na ofisi unayotaka kufungua itakula 900,000 kwa pango, karani na intaneti. Miezi sita ni shilingi 13,800,000. Ukiwa huna kiasi hicho, bado uko hatua ya 5. Ongeza miezi ya kuweka akiba au punguza ofisi. Kukodi chumba kwenye ofisi ya wakili mwingine si aibu.

Upande wa kodi ndiko vijana wengi huumia. TIN na mashine ya EFD pekee hazitoshi. Watoa huduma za kitaaluma, mawakili wakiwemo, wanatakiwa kusajiliwa VAT bila kujali ukubwa wa mauzo yao. Kile kiwango cha mauzo anachosubiri mwenye duka hakikuhusu. Tena kampuni ikikulipa itakata kodi ya zuio ya 5% kabla pesa haijakufikia, kwa hiyo ankara ya shilingi 2,000,000 usiipangie matumizi ya 2,000,000. Nenda TRA ukaulize kabla ya kufungua. Ukienda baada ya kufungua, wao ndio watakaouliza.

Tahadhari: pesa ya mteja haimo kwenye akiba yako. Fidia iliyolipwa kupitia kwako, pesa ya kiwanja inayosubiri uhamisho, vyote vikae kwenye akaunti ya wateja. Mawakili wengi walioharibikiwa hawakuanza kama wezi. Walianza kwa "kuazima" wiki mbili ili walipe pango.

## Hatua ya 6: Punguza majalada (miezi minne hadi sita)

Hapa ndipo watu hukwama, na hapa ndipo mwongozo huu ulipo. Kuwaza lengo kunaleta raha. Kumpigia mteja na kumwambia humwendeshei tena kesi yake kunaumiza tumbo.

Anza na yaliyokufa. Mwandikie mteja barua kwenye anwani ya mwisho uliyo nayo na ujumbe kwenye kila namba uliyonayo, ukimtajia tarehe ijayo ya shauri na siku utakayoomba kujitoa. Tunza ushahidi wa kutuma. Kisha iombe mahakama ruhusa ya kujitoa, ukiambatisha ushahidi huo. Usiache kwenda tu. Mpaka mahakama ikubali, wewe ndiye wakili wake, awe anakulipa au hakulipi.

Yanayoisha yamalize. Usiyahamishe kwa tamaa ya kuona namba imeshuka haraka.

Ya kuhamisha yana mpangilio wake, na usiuvuruge:

1. Zungumza na wakili anayepokea kwanza, bila kumpa siri za jalada. Hakikisha hana mgongano wa maslahi na upande wa pili.
2. Mwambie mteja ana kwa ana. Uamuzi wa nani amwakilishe ni wake. Unaweza kupendekeza, huwezi kumkabidhi kama mzigo.
3. Pigeni hesabu ya malipo. Kama alilipa kwa kazi ambayo hukuifanya, mrudishie au mpe wakili mpya kwa ridhaa yake ya maandishi.
4. Kabidhi jalada lote, na orodha ya kila nyaraka iliyosainiwa na watu watatu: wewe, mteja na wakili anayepokea.
5. Ijulishe mahakama, wakili mpya aingie kwenye kumbukumbu, na hapo ndipo ulifute jalada kwenye daftari lako.

Mteja wangu wa kwanza kumhamisha alikuwa mzee mwenye mgogoro wa kiwanja, mwaka wa nne barazani. Nilimkaribisha ofisini, nikamwamkia, nikazunguka sana na maneno. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia yake magotini. Nilipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, wameninunulia wewe?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Kwake yeye, wakili anayeachia kesi katikati ni wakili aliyehongwa na upande wa pili. Ilibidi nimwoneshe daftari langu, mistari yote 38 nikiwa nimefunika majina kwa karatasi, ili aone si yeye peke yake. Kisha nikafanya ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo: nikamwita wakili mpya akae nasi, tukalifungua jalada mbele yake, tukamsomea kila ukurasa wa mwenendo mpaka pale baraza lilipofikia. Tulitumia saa mbili. Mzee akasema, "Basi huyu naye nimsikie mara moja barazani." Nilikwenda naye tarehe iliyofuata, nikakaa nyuma.

Tangu siku hiyo sianzi na sababu zangu. Naanza na yule atakayempokea mteja, sababu zangu zinafuata.

*Utajua umefaulu* wiki ikipita nzima bila wewe kuwa na tarehe mbili siku moja katika mahakama mbili tofauti.

## Hatua ya 7: Tengeneza kazi za kuonesha

Muda uliouokoa usiurudishe kwenye kesi mpya. Utajaribiwa. Mtu atakuja na pesa taslimu na kesi ya shamba, na mkono utakuwasha.

Tenga asubuhi mbili kwa wiki. Kama unaelekea kwenye mikataba, andaa vielelezo vitatu vya kwako: mkataba wa ajira, wa upangaji wa biashara, wa usambazaji wa bidhaa. Kama unaelekea kwenye sheria za kazi, ingia TanzLII, ambako hukumu zinasomwa bure, uchukue 20 za Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu zilizotoka kwenye maamuzi ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi), na kila moja uiandikie nusu ukurasa: mwajiri alikosea wapi. Ukifika ya kumi na mbili utaanza kuona makosa yale yale matano yakijirudia. Makosa hayo ndiyo somo utakalompelekea mwajiri.

Kuandika na kufundisha ni halali na kunajenga jina. Kujitangaza kama duka la vipodozi ni jambo jingine. Kanuni za Maadili ya Mawakili za 2018 zisome kabla hujabandika picha yako mtandaoni na namba ya simu yenye neno "ofa".

## Hatua ya 8: Ondoka vizuri (kwa walioajiriwa)

Toa notisi ya maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya ajira haikubali notisi pungufu ya siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Omba cheti cha utumishi. Ni haki yako. Kabidhi majalada kwa orodha ile ile ya watu watatu.

Wateja wa ofisi usiwabebe kimya kimya. Usinakili majalada, usiwapigie ukiwa bado unakula mshahara wa pale. Mteja akikufuata mwenyewe baadaye, atoe maelekezo ya maandishi na jalada liombwe kwa barua. Mimi niliondoka kwenye ofisi moja kwa hasira, na nakala mbili za maelezo ya mashahidi zikabaki kwenye mkoba wangu. Sikuwa na nia mbaya, ila nilitumia miezi miwili kujibu barua.

Kama unahamia kazi isiyohitaji leseni ya uwakili, usiiache tu ife Januari. Mwandikie Msajili wa Mahakama Kuu mapema, uulize utaratibu wa asiyefanya kazi za uwakili. Kurudi kutakuwa rahisi zaidi.

## Hatua ya 9: Kila siku ya 90, hesabu upya

Rudia hatua ya 1 kwa saa moja na hatua ya 2 kwa wiki moja. Andika namba mbili tu juu ya ukurasa: majalada ya mahakamani yaliyobaki, na saa za wiki ulizofanya kazi mpya. Mpe daftari yule mtu wako asiye mwanasheria azisome kwa sauti.

Kama saa za kazi mpya zimepanda lakini majalada hayajashuka, unafanya kazi mbili na utaugua. Kama majalada yameshuka lakini saa mpya hazijapanda, angalia unalala saa ngapi. Huenda ulihitaji mapumziko, na robo moja ya kupumzika inaruhusiwa. Kama hakuna kilichobadilika, lengo lako liache kama lilivyo. Fungua fungu la "ya kuhamisha", chukua jalada la juu, umpigie wakili atakayelipokea kabla ya saa nne asubuhi.